Pesa zangu na za kikoba zimekamatwa pamoja na za mwanangu. Niseme zote ni zangu?

Shikamoo mshauri kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari za kazi.

Mimi ni mjane wa miaka 52, naishi Kigoma mjini. Kazi yangu ni dagaa. Nanunua mwaloni Kibirizi, naanika, nauza kwa jumla kwa wateja wa hapa na wengine wanaotoka Kongo. Kazi hiyo ndiyo imenisomeshea watoto baada ya baba yao kufariki.

Huyu ninayemwita mwanangu ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu akiwa darasa la pili, na nilimpa chumba cha uani alipoanza kuendesha bodaboda. Mwaka jana nikaanza kuona mabadiliko. Simu mpya, sabufa, marafiki nisiowajua. Nilimuuliza, akasema anapeleka mizigo ya watu Kasulu na Kibondo. Sikuuliza tena. Baadaye akaniletea ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko, akasema, "Mama mdogo, nitunzie hii, nakusanya ya injini ya boti." Nikaisukumia chini ya kitanda. Siku nyingine alikuja kuongezea, nikaona noti za elfu kumi zimefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Ndani kuna kiasi gani sikuwahi kujua.

Sasa amekamatwa na wenzake wawili njia ya Kasulu, bangi ikiwa chini ya magunia ya mkaa. Usiku huohuo askari walikuja nyumbani na mjumbe wetu. Walianza na chumba chake, wakaja na changu. Chini ya kitanda walikuta vitu vitatu: ndoo yake, kifurushi changu cha shilingi 3,200,000 nilichofunga kwenye kipande cha kanga, na sanduku la kikoba, maana mimi ndiye mtunza sanduku. Mbalamwezi ilikuwa imeingia, mitumbwi haiendi ziwani, kwa hiyo mtaji wangu ulikuwa umekaa tu unasubiri giza. Na kikoba tulikuwa tumeshakusanya marejesho karibu yote, tunajiandaa kuvunja na kugawana. Mle ndani zilikuwa 4,650,000.

Sanduku lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa akina mama watatu, mimi sina hata mmoja. Walivunja kufuli. Wakamwaga pesa zote juu ya mkeka, zangu, za kikoba na za ndoo, wakazihesabu kwa pamoja. Nikasema hizi za kikoba jamani, hizi za dagaa hata harufu zinanuka. Mmoja akanijibu, "Utaeleza mbele ya safari." Karatasi wakaandika mstari mmoja: fedha taslimu Tsh 13,400,000/=. Nikasaini, mjumbe akasaini, nakala ninayo. Daftari la kikoba hawakulichukua.

Mshauri, sasa kila mtu ana lake. Rafiki yake mwanangu kaja na ujumbe kutoka mahabusu: niseme pesa zote ni zangu, mimi mfanyabiashara nitaaminika, na yupo mtu atakayenitengenezea stakabadhi za kuuza dagaa kwa Wakongo. Nikisema za ndoo ni zake, eti nimemfunga mimi. Shemeji yangu anasema nikae kimya, pesa zikishakamatwa kwa dawa za kulevya hazirudi, na kwamba huko Ulaya wanazichukua hata kama mtu hajafungwa. Binti yangu aliyeko Dodoma anasema nimtaje binamu yake na kila ninachokijua, nijiokoe. Akina mama wa kikoba tuko 22. Wengi wana subira, lakini mmoja kaandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba nilikuwa nakula na mwanangu na sasa nawazuga. Nimeanza kufikiria kukopa niwalipe ili niweze kupita njiani.

Mpelelezi amenipigia simu niende wiki ijayo kuandika maelezo. Nikaseme nini? Na je, niendelee kumpelekea mwanangu chakula, au nitaonekana nashirikiana naye?

Mama wa dagaa, Kigoma

*

Mama wa dagaa, shikamoo yako siipokei, nadhani tunakaribiana. Habari za kwako, na pole. Pole ya kwanza ni ya pesa, ya pili ni ya yule aliyeandika kwenye grupu. Najua ya pili ndiyo inauma usiku.

Nikikusoma vizuri, una mambo matatu yaliyofungwa kwa kamba moja: pesa ambayo sehemu ni yako na sehemu si yako, kijana uliyemlea, na jina lako mbele ya wanawake 21 waliokuamini. Wote wanaokushauri wanalishika moja na kuyaacha mawili. Ndiyo maana hakuna hata mmoja aliyekutuliza.

Nianze na shemeji, kwa sababu hofu yake naona imekuingia. Alichosikia kuhusu nje si uongo. Uingereza ina Sheria ya Mazao ya Uhalifu ya mwaka 2002, ambayo inamruhusu polisi kukamata fedha taslimu kuanzia pauni 1,000 akizishuku. Ndani ya saa 48, bila kuhesabu siku za mapumziko, lazima suala lifike kwa hakimu ili ziendelee kuzuiwa. Hapo kinachoshtakiwa ni kama pesa yenyewe. Mtu anaweza asifungwe, na pesa ikaenda. Majirani zetu Kenya nao, kwa sheria yao ya 2009, wana wakala wa serikali anayeweza kwenda mahakamani kuidai mali bila kusubiri mtu atiwe hatiani.

Kwetu njia iliyozoeleka ni tofauti kidogo. Askari anayepekua kwa kosa la dawa za kulevya ana mamlaka ya kuchukua anachoshuku, fedha zikiwemo, lakini hapo anazishikilia tu. Kutaifisha ni kazi ya mahakama. Chini ya Sheria ya Mazao ya Uhalifu ya 1991, kwa kawaida mshtakiwa hutiwa hatiani kwanza, kisha upande wa mashtaka unaomba mali iliyotokana na kosa iwe ya serikali. Na sheria hiyohiyo inampa mtu wa tatu mlango wa kuingia na kusema, "Hii si yake, ni yangu." Anatakiwa aonyeshe kwamba ana haki katika mali hiyo na kwamba hakushiriki katika kosa. Kwa hiyo pesa zako hazijaenda. Zipo mahali, kama kielelezo, na bado hazijapewa mwenyewe kisheria. Shemeji akikwambia ukae kimya, ajue kwamba mali isiyo na mdai mahakamani haina wa kuitetea.

Kuna jambo katika barua yako umelipita haraka, nami nataka tukae hapo. Ile karatasi. Sheria yetu ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai inamtaka askari anayechukua mali atoe hati ya kukiri amechukua nini, na mwenye nyumba na mashahidi waisaini. Wewe unayo, na ina saini ya mjumbe. Ni mlinzi wako, kwa sababu hakuna atakayesema baadaye zilikuwa milioni tisa. Ila ina kasoro: imeandika jumla, haikusema kilichotoka kwenye ndoo, kwenye kanga, kwenye sanduku. Pesa zikishamwagwa juu ya mkeka mmoja zimekuwa dagaa wa mitumbwi miwili kwenye chanja kimoja, kwa macho huwatenganishi. Utawatenganisha kwa hesabu na kwa mashahidi.

Na mashahidi unao kuliko unavyodhani. Mjumbe aliona kufuli zikivunjwa. Umezungumza naye tangu siku ile? Kumbukumbu ya mtu ni mali inayochakaa. Akina mama watatu wenye funguo wanaweza kusema jambo zito sana: kwamba wewe peke yako usingeweza kulifungua sanduku lile hata ungetaka, wala mwanao asingeweza kutia humo hata noti moja. Daftari lina hisa za kila mmoja na marejesho, tarehe kwa tarehe. Kama kikundi kimesajiliwa, kwa maana tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikoba vimewekwa daraja la nne na vinatakiwa kusajiliwa, basi cheti nacho kinasema kitu. Kama hakijasajiliwa, semeni ukweli huo. Msikimbilie kutafuta cheti chenye tarehe ya jana.

Kwa hiyo nakuuliza: kwa nini kazi ya kuzidai pesa za kikoba iwe yako? Kinaweza kusimama chenyewe. Mwenyekiti na katibu waandike barua, waambatishe nakala ya daftari, waipeleke kwa mpelelezi na kwa ofisi ya mashtaka, na kesi ikifika mahakamani waombe kusikilizwa. Sikuahidi kwamba zitatoka mapema. Noti zenyewe zinaweza kuhitajika kama kielelezo hadi kesi iishe, na kesi za aina hii hazina haraka. Lakini barua ya wanawake 22 haisomwi kama maneno ya mama mwenye mtoto mahabusu. Na yule wa kwenye grupu, akisaini barua hiyo, atakuwa amesoma hati na kujua kilichotokea.

Sasa ujumbe wa kutoka mahabusu. Huu umenitia wasiwasi kuliko yote. Anayeuleta anaamini ukisema zote ni zako utamwokoa. Tulitazame hilo. Kesi ya mwanao imesimama juu ya bangi iliyokutwa chini ya mkaa. Hata pesa zote 13,400,000 zikithibitika kuwa za dagaa, ile bangi haiondoki. Kwake faida ni ndogo. Kwako je? Umeshika fedha, umesema ni zako, na wapelelezi wakionyesha sehemu ilitoka kwenye bangi, wewe ndiye utakayeulizwa ulikuwa unaficha chimbuko lake kwa ajili ya nani. Huo ndio mlango wa utakatishaji fedha, na kosa hilo kwa miaka mingi limekuwa kati ya yale ambayo mshtakiwa hapewi dhamana. Nani atawaangalia wengine nyumbani?

Zile stakabadhi ndizo mbaya zaidi. Wewe unajua mwalo unavyofanya kazi. Mzigo unaokwenda Kongo unaacha nyayo: ushuru, vibali, makuli, mwenye boti. Stakabadhi iliyotengenezwa mezani haitalingana na daftari la mtu yeyote pale. Ukigundulika, utakuwa umeongeza kosa la kughushi, na hata zile 3,200,000 za halali hakuna atakayeziamini tena. Sisemi huyo kijana ana nia mbaya. Ila jiulize kama ujumbe umetoka kwa mwanao kweli, au kwa watu ambao pesa ile ya kwenye ndoo ni yao. Ulisema mwenyewe ana marafiki usiowajua.

Binti yako anakwambia utaje kila unachokijua. Hapa nataka twende taratibu, kwa sababu kujua na kuhisi havilingani. Unajua nini hasa? Ulipewa ndoo. Uliambiwa ni ya injini. Uliona noti akiongeza. Hukuhesabu. Hayo unayajua. Kwamba zilitokana na bangi hujui. Unakisia baada ya kukamatwa kwake. Aliyeko Dodoma anaweza kulichukulia hilo kama jambo moja, lakini wewe ndiye utakayesaini maelezo, na ukishasaini yatakufuata hadi kizimbani. Kama jambo hulijui, kusema hulijui si kumlinda mtu wala kumchongea.

Naona swali ambalo hukuniuliza waziwazi: je, nilishuku? Mpelelezi ataliuliza. Bodaboda, simu mpya, sabufa, noti zimefungwa kwa mpira. Usilijibu kwangu, ila uwe umeshajijibu kabla hujakaa mbele yake. Kuna mama ambaye hakuona, na kuna ambaye aliona akageuza uso kwa sababu mtoto wa marehemu anatia uchungu. Wa pili anahitaji wakili zaidi ya wa kwanza, na sina nia ya kumhukumu. Ningekuwa na mtoto wa dada yangu uani, sijui ningeuliza mara ngapi.

Ndiyo maana kabla ya wiki ijayo ningependa uonane na mwanasheria, hata kwa nusu saa. Kama ada inakushinda, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako inaweza kukuelekeza kwa waliosajiliwa. Mwulize hasa jambo hili: unaitwa kama shahidi au kama mtuhumiwa? Ukiwa shahidi, unaeleza. Lakini ukisikia mpelelezi anakusomea onyo kwamba hulazimiki kusema lolote na utakalosema laweza kutumika kama ushahidi, ujue umehamia upande mwingine, na una haki ya kuomba wakili au ndugu awepo kabla hujaendelea. Kuomba hivyo si ujeuri.

Kuhusu 3,200,000 zako. Ukiamua kuzidai, anza leo kukusanya: wateja wa mwisho ni nani, ulilipwa lini, uliwalipa vijana wa kuanika kiasi gani, taarifa ya miamala ya simu kwa wale waliotuma kwa mtandao, risiti za ushuru wa mwalo. Kama kuna sehemu huna karatasi wala shahidi, usiijazie kwa makadirio. Laki mbili zisizoelezeka zinaweza kuchafua milioni tatu zinazoelezeka.

Njia hii ya kutenganisha ina gharama zake, nisikufiche. Ukisema hizi zangu, hizi za kikoba, mtu yeyote anaweza kutoa mahesabu: zinabaki 5,550,000, nazo zilikuwa za nani? Utakuwa umeelekeza kidole bila kutaja jina, na utalazimika kuieleza ndoo. Upande wa ukoo wa dada yako wapo watakaosema umemuuza. Huenda na yeye mwenyewe akakukasirikia kwa muda mrefu. Kukaa kimya nako kuna gharama, na wengi wa watakaoilipa ni akina mama wa kikoba ambao hawakuwahi kuiona ndoo. Sikuchagulii. Wewe ndiye utakayeishi mtaa huo.

Ila kwa mkopo niruhusu niwe mkali kidogo. Tafadhali usikope kausha damu ili ulipe deni ambalo bado hakuna aliyethibitisha kuwa ni lako. Pesa hazikupotea mikononi mwako. Zilichukuliwa na hati ipo. Ukizirudisha kimyakimya, utajikamua kwa riba, na yule aliyesema ulikuwa unakula ataona amepata ushahidi. Itisha kikao, hati iwe mezani, mjumbe awepo kama atakubali, na wenye funguo watatu wazungumze wao. Wasipewe tarehe ya kurudishiwa, kwa kuwa huna. Mkubaliane kuahirisha kuvunja, na muulizane nani mwenye shida ya haraka, ada au ugonjwa, kama mfuko wa jamii una chochote nje ya sanduku au wanaoweza wakachangia kidogo. Wapo watakaonuna. Wapo wengine wanaosubiri tu uwaite, maana mpaka sasa wanachosoma ni cha kwenye simu.

Umeniuliza mwisho kuhusu chakula. Kumpelekea mtoto chakula mahabusu si kosa, na hakuna mpelelezi mwenye akili atakayeshangaa mama mdogo akifika na sahani. Nenda siku za kutembelewa kwa jina lako halisi, umjulie hali, umwulize kama amepata wakili. Habari ya ndoo usiizungumze pale, wala usipokee ujumbe mwingine kupitia yule rafiki. Mwanao akiianza, mwambie amweleze wakili wake, na wewe utazungumza na wa kwako.